Titi Langu na la Mama Mkwe

Muuguzi wa zahanati yetu alitufundisha akina mama kujipima matiti kwa vidole, kuzunguka taratibu. Nikajipima nyumbani, nikakuta vinundu kama maharage ndani ya gunia. Wiki hiyohiyo mama mkwe akaugua malaria, nikawa namwogesha. Matiti yake laini, kama unga wa muhogo! Basi nikajua: yeye mzima, mimi ndiyo naondoka.

Sikumwambia mtu. Nikaanza kumfundisha binti yangu, mtoto wa miaka kumi, kusonga ugali na kupepeta mchele. Akikosea namfokea, halafu naenda nyuma ya nyumba kulia.

Mama mkwe ni Msukuma, hafichwi kitu. "We Mpimbwe, mbona unamharakisha mtoto hivyo? Kwani unahama?"

Nikamwambia yote. Akafungua fundo la kanga, akahesabu nauli. Asubuhi yake tukapanda gari la Mpanda, kwenda hospitali.

Daktari, binti mdogo tu, akanipaka kitu cha baridi kifuani, akapitisha kipimo cha ultrasaundi. Mama mkwe aligoma kutoka nje.

"Uvimbe hakuna," daktari akasema. "Titi lako bado lina nyama nyingi iliyokaza, ndiyo hiyo unayoigusa. Kwenye eksirei lingeonekana jeupe tu, ndiyo maana nimetumia hiki. Umri ukienda, mafuta huchukua nafasi, mara nyingi linalainika kama la bibi hapa."

"Au ni kabila?" mama mkwe akadakia. "Hawa Wapimbwe wamekaza kila mahali!"

Daktari akacheka. Akasema ni kweli watu wa asili mbalimbali duniani hutofautiana, lakini hata ndugu wa tumbo moja hawalingani. Nilizoee langu, nisilipime kwa la mwenzangu, na likibadilika nirudi haraka.

Jamani, nilifurahi! Mama mkwe akanitania njia nzima: "Yaani kikongwe mimi ndiyo umenifanya kipimo!"

Tulipofika nyumbani, binti yangu alikuwa jikoni, maji yanachemka, mwiko mkononi.

"Lete, leo nasonga mimi," nikamwambia.

"Nimekosea nini, mama?"

"Hujakosea. Nenda kacheze."

Hakutoka. Akanitazama, akamtazama bibi yake, akanirudia mimi.

"Kwa hiyo hufi?"

Kumbe muda wote alijua.

"Sifi, mwanangu."

Akanikabidhi mwiko, akatoka mbio kwa wenzake.