Nukta Mbili Tatu Tatu Tatu

Nilipokuwa kidato cha tano, kwenye shule moja ya bweni ya Shinyanga, niliamini kwamba jibu refu ni jibu la mtu mwenye akili. Kikokotoo changu kilionyesha tarakimu kumi, nami nilizinakili zote kumi, kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu wetu wa kemia, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alisahihisha kwa kalamu ya kijani. Siku moja aliniita mbele na daftari langu.

"Bureti ilisoma ngapi?"

"Ishirini na nne nukta tatu tano, mwalimu."

"Hiyo tano ya mwisho uliiona?"

"Niliikadiria. Maji ya kwenye bomba yalikuwa katikati ya mistari."

"Sawa. Sasa hapa kwenye jibu una tarakimu kumi. Hizi nyingine ulizionea wapi?"

Darasa lilicheka. Alinieleza tena, bila haraka, kwamba tarakimu muhimu ni zile ambazo kifaa chako kimekupa kweli, na kwamba hesabu haiwezi kujua zaidi ya kipimo. Niliitikia ndiyo, mwalimu. Rohoni nilimwona ananionea tu, kwa sababu kikokotoo kilikuwa kimezitoa chenyewe, mimi sikutunga hata moja.

Likizo ya Juni nilikwenda Geita kwa shangazi, aliyekuwa na kibanda cha chakula jirani na machimbo ya wachimbaji wadogo. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kupeleka ugali mezani. Shangazi aliwatangazia wateja kwamba mimi ni mkemia. Nilimwambia bado sijafika hata kidato cha sita. Hakuona tofauti.

Ndivyo mzee mmoja alivyonijia. Alikuwa Msukuma wa Kishapu, amechimba miaka mingi mpaka goti likamgomea, na sasa alikuwa akiwanolea wenzake sururu. Siku moja, katikati ya mlo, alinawa, akatoa mfukoni kikopo cha dawa ya viatu, akakifungua. Ndani, juu ya kitambaa, kulikuwa na kipande cha manjano kisichofika ukubwa wa punje ya harage.

"Ng'wanawane," alisema, ndiyo mwanangu kwa Kisukuma, "hiki nilikiokota mwenyewe kwenye duara, shimoni chini kabisa. Mnunuzi mmoja alinicheka mbele za watu, akasema ni shaba iliyokatika kwenye karasha la kusagia mawe. Tangu siku hiyo sijamwonyesha mtu. Wewe umesoma. Ni dhahabu au ni shaba?"

Nilifurahi kupita kiasi. Nilijua pa kuanzia: unapata uzito, unapata ujazo, unagawanya. Kila metali ina namba yake, na ya dhahabu, kitabuni, ni kumi na tisa nukta tatu. Mchimbaji mmoja aliyekuwa akila wali alikuwa na mizani ndogo ya mfukoni, akaniazima. Ilisoma gramu nne nukta nane saba. Kwa ujazo nilichukua bomba la sindano ambalo shangazi alilitumia kunyweshea kuku dawa, nikaliziba mdomo, nikatia maji, nikadumbukiza kipande. Maji yakapanda kidogo sana. Mistari ya lile bomba ilikuwa mbalimbali, nami nikaona kama mililita sifuri nukta tatu. Nikagawanya kwenye simu.

"Kumi na sita nukta mbili tatu tatu tatu tatu tatu," nilisoma kwa sauti. Waliokuwa wakila waligeuka. "Dhahabu ni kumi na tisa nukta tatu. Mzee, hii si dhahabu."

Mzee hakubisha. Alikirudisha kipande kwenye kitambaa, akafunga kikopo, akasema, "Asante, ng'wanawane. Bora nimejua." Akaondoka na ugali wake umebaki nusu.

Kesho yake wachimbaji walikuwa wameshanipa jina. "Nukta, ongeza mchuzi." "Nukta, chai ina sukari ngapi? Usizidishe tatu." Nilicheka nao. Kilichoniuma ni kwamba mzee hakuja kula siku hiyo, wala iliyofuata.

Siku ya tatu asubuhi, nikimenya viazi, nilijikuta nikijiuliza swali la mwalimu: zile tarakimu za tatu, zote tano, nilizionea wapi? Nikafuta mikono, nikachukua simu. Kama maji yalipanda nukta mbili tano, jibu ni kumi na tisa na ushee. Kama yalipanda nukta tatu tano, ni karibu kumi na nne. Na kwa lile bomba nisingeweza kuzitofautisha hata ningekodoa macho vipi. Kwa hiyo sikuwa na haki ya hata ile sita ya mwanzo, sembuse msururu ulioifuata. Kwa tarakimu moja niliyokuwa nayo, kumi na sita yangu inakadiriwa kuwa ishirini. Na dhahabu, kwa tarakimu moja, nayo ni ishirini.

Halafu nikaona kubwa zaidi. Shaba ni kama tisa. Mzee hakuniuliza kama ni dhahabu ya kitabuni. Aliniuliza dhahabu au shaba. Kipimo changu kibovu kilikuwa kimeshajibu, nikashindwa kukisikia kwa kelele za tatu zangu.

Nilimweleza shangazi. Alivua aproni. "Twende ukamwambie mwenyewe. Mimi nitasimama tu."

Tulimkuta nje ya chumba chake akinoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Nukta," alisema, bila kunuia ubaya; ndilo jina alilosikia.

"Nilikosea, mzee. Nilisema kitu ambacho sikukijua. Naomba nipime tena."

Aliweka sururu chini, akaingia ndani kuleta kikopo.

Safari hii niliazima tena ile mizani na kufanya alivyotuonyesha mwalimu. Niliweka kikombe cha maji juu yake, nikairudisha kwenye sifuri, kisha nikakining'iniza kipande kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Namba inayoongezeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni mililita moja. Nilimwomba shangazi ashike uzi ili mimi nisome namba. Ikasoma sifuri nukta mbili nane. Nilirudia mara tatu. Mara moja ilisoma mbili saba.

"Ni kama kumi na saba," nilisema.

Mzee aliinamia mizani. "Na nukta?"

"Nukta sina, mzee. Mizani hii haifiki huko. Lakini shaba ni tisa, na hii iko mbali sana na tisa. Sidhani kama ni dhahabu tupu, ila shaba sio."

"Sasa hapo ndipo nimekuelewa," alisema.

Shangazi alimsindikiza mjini kwa mnunuzi mwingine, asiyemfahamu. Huyo alikisugua kipande kwenye jiwe lake jeusi la kupimia, akakidondoshea tindikali, akasema ni dhahabu, ina fedha kidogo ndani yake kama ilivyo kawaida ya dhahabu inayotoka mwambani. Shangazi anasema mzee hakucheka wala kuruka. Aliomba maji ya kunywa, akakaa.

Aliuza, akarudi kwao Kishapu na kununua mtamba. Kabla ya kuondoka alipita kibandani kuaga, akaagiza ugali na samaki, akamaliza sahani yote akiwa amekaa peke yake kwenye meza ya mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma nikiosha masufuria. Niliposikia sauti yake na kutoka, alikuwa ameshapanda bodaboda, kikapu mapajani, akimwelekeza dereva njia ya stendi.