Kizazaki Kwenye Orodha Mbili

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wakalimani, kule mtaa wa Tensta, Uswidi, nilimpelekea bibi mgonjwa mkalimani ambaye hawakuelewana naye hata salamu. Kazi yetu ilikuwa kupanga miadi: hospitali inapiga simu, inataja lugha, nasi tunatafuta mtu. Fomu ilisema "Kikurdi", nami nikatuma msemaji wa Kikurmanji, Kikurdi cha wengi. Kumbe bibi anaongea Kizazaki! Wakabaki kutazamana, na daktari akaahirisha upasuaji kwa wiki nzima. Nami, mtu wa kidato cha nne, nilikwishajiona profesa wa lugha.

Msimamizi wa zamu, mama wa Kiswidi asiyepandisha sauti kamwe, akaniita.

"Uliuliza anaongea nini nyumbani kwake?"

"Fomu ilisema Kikurdi."

"Fomu haipasuliwi tumbo."

Akaniagiza nirekebishe orodha ya lugha kabla ya miadi mpya. Jambo dogo, nikadhani. Wakalimani wetu wa Kizazaki walikuwa wawili tu, mabinamu, na kila saa ya fika, ile kahawa ya kazini, ilikuwa ni mzozo.

"Ni tawi la Kikurdi," alisema yule mrefu. "Mkikitoa huko, naacha kazi."

"Ni lugha kamili," alijibu mfupi. "Mkikiacha huko, naacha mimi. Na wewe, bibi yako angekuchapa."

"Bibi yetu ni mmoja, mjinga wewe!"

Wangeondoka hao, mgonjwa wetu angerudi kwa daktari akiwa bubu. Nikamwendea mkuu wa kitengo, aliyesomea isimu. Akasema wataalamu wengi wanakihesabu lugha ya pekee katika ukoo wa Kiirani, ila Wazaza wengi wanajiita Wakurdi, na hilo si la ofisi kuamua. Kisha akarudi kwenye kompyuta yake. Ahsante sana, bosi.

Basi nikachapa orodha mbili. Ya mrefu ilikiweka Kizazaki chini ya Kikurdi; ya mfupi ilikipa mstari wake wenyewe. Kila mmoja akasoma yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasaini. Siku ya upasuaji akaenda mfupi. Bibi alimshika mkono tangu mlangoni, akamweleza maumivu yake yote, wala hakumwachia mpaka dawa ya usingizi ilipomchukua. Akapona.

Nilikaa ofisini humo hadi kustaafu. Siku hizi sitoki nyumbani kwangu, mtaa wa Hässelby, ila kufuata mkate. Wanangu hunijibu kwa Kiswidi, macho kwenye simu, kwa hiyo hadithi zangu humwangukia jirani, Mama Furaha wa Bukavu. Juzi nilimtambia kwamba mimi nilimaliza ugomvi uliowashinda maprofesa.

Akaweka kikombe chini.

"Papa, weye hukupatanisha mtu. Uliwaficha tu kila mmoja karatasi ya mwenzake."