Waliniita Bwana Afya

Harufu ya pombe ya mtama ikichemshwa haijaniacha mpaka leo. Ni harufu chachu, nzito, kama uji uliosahauliwa jikoni siku tatu, na ilikuwa inalala ndani ya korongo nyuma ya nyumba ya shangazi yangu pale Nyamuswa, halafu asubuhi inapanda taratibu pamoja na moshi wa kuni. Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu, tena si kwa kupenda, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza. Na majina nitayataja, maana wenye majina hayo walizikwa kwa heshima na nyimbo za kwaya, na mimi niliyebaki hai ndiye ninayeitwa mlevi. Shangazi yangu aliitwa Wegesa. Mume wake aliitwa Mugeta. Hao ndio walionifundisha kunywa gongo, mimi mtoto wa kike, nikiwa na miaka tisa.

Ilikuwa miaka ile ya kukosa kila kitu. Sabuni hakuna, tukafulia majani ya mpapai. Sukari tuliisikia kwa jina. Duka la kijiji lilibaki na mizani na vumbi, na moto tuliomba kwa jirani, unabeba kaa kwenye kigae unakimbia nalo kabla halijazima. Mama alikuwa amefariki kwa uzazi kule kwetu kando ya ziwa, upande wa Musoma, na baba alipokwenda kuvua visiwani aliniacha kwa dada yake. Bibi mzaa mama alikuwepo, Butiama, ila kwetu mtoto ni wa kule walikotoka ng'ombe. Mahari ilishatolewa, basi bibi hakuwa na neno. Hivyo ndivyo nilivyofika Nyamuswa, msimu wa kuvuna pamba, wakati wanaume wana hamu ya kunywa na bia haionekani hata Bunda mjini.

Sasa gongo hupimwa kwa moto. Unamwaga kidogo kwenye kisahani, unawasha kiberiti, ukiona moto wa bluu ujue imeiva. Kiberiti hakikuwepo. Mugeta akajaribu kutumia unyasi uliowashwa jikoni, moto ukaruka mpaka kwenye chupa ukamuunguza mkono wa kulia, na tangu siku hiyo moto ulipigwa marufuku karibu na chupa. Ikabaki kuonja. Mugeta akionja haachi, anakunywa mpaka bidhaa yote iishe. Shangazi alikuwa mtu wa kanisa, ameapa mbele ya mchungaji kwamba pombe haitagusa midomo yake. Kupika aliona sawa, kuuza aliona sawa, kugusa midomo ndiyo dhambi. Basi akanitazama mimi. Akamimina kwenye kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, akasema, "Weka kwenye ulimi. Ikichoma mbele tu, bado ni maji. Ikipanda mpaka puani, niambie." Ilipanda mpaka puani. Machozi yakanitoka, Mugeta akacheka mpaka akakohoa. Wanywaji wakaja kunipa jina. Wakifika kwenye ukingo wa korongo wanauliza kwanza, "Bwana Afya amepitisha?" kama vile mimi ni yule bwana anayegonga muhuri kwenye nyama buchani.

Nilimwogopa Mugeta kuliko nilivyoogopa fisi. Alikuwa na kikohozi kifupi, cha mara mbili, na kikohozi hicho kilikuwa kinatangulia fimbo ya ng'ombe. Nikikosea kuonja napigwa. Nikichelewa kujibu napigwa. Siku nyingine napigwa kwa ajili ya ule mkono wake ulioungua, kana kwamba niliuwasha mimi. Nikawa nasikia kikohozi hata kisipokuwepo, kwenye mahindi makavu, kwenye mlango wa bati, darasani mpaka nikajikojolea mbele ya wenzangu na sikurudi shule tena. Halafu asubuhi moja, kwa kuogopa kukosea, nilionja kifuniko cha pili, na cha tatu. Mugeta akakohoa nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza mwili wangu haukushtuka. Nilisimama pale nikamtazama kama ninavyomtazama mbuzi wa watu. Hapo ndipo yote yalipoanzia, na mtu asiniambie ni tamaa au kurogwa. Niligundua kwamba woga unaweza kumezwa, na waliokuwa wananitia woga ndio waliokuwa na dawa yake, wananipa kila siku bila kunikatalia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nikaendelea hivyo mpaka ulimi ukafa. Ndiyo, unakufa. Hauchomi tena, kila kitu kinakuwa maji ya moto. Nikawa nabahatisha. Siku moja nikapitisha chupa ambayo haikuiva, na mnywaji mmoja aliyetoka Manyamanyama akairudisha mbele za watu. "Bwana Afya wenu leo kapitisha maji ya mvua!" Wote wakacheka. Mugeta hakucheka. Baada ya kupigwa nilikuwa nimelala kwenye marobota ya pamba pale ukumbini, nikamsikia shangazi anamwambia, sauti ya kawaida tu, kama anayezungumzia mbegu, "Huyu ulimi wake umeshakufa. Tumtumie mdogo wake. Wa yule bado mbichi." Mdogo wangu Nyamisi, aliyekuwa amebaki kule ziwani kwa majirani, alikuwa ameletwa wiki ile ile. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa nje anacheza mchanga, na kesho yake ilikuwa siku ya kupika.

 Kulipokucha tulitumwa maji, nikaiacha ndoo kisimani, nikamshika Nyamisi mkono, tukakamata njia ya Butiama. Nilijua njia kwa kuelekezwa tu. Kila baiskeli iliyotokea nyuma tuliingia porini, kila mtu aliyekohoa niliziba mdomo wa Nyamisi. Aliuliza mara moja, "Dada, tunamkimbia nani?" Nilimvuta mkono tu, maana niliona nikilitaja lile jina mwenyewe atatokea. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika kwa bibi, miguu imepasuka. Bibi alisikiliza yote, akafunga khanga yake kiunoni, akasema, "Huyu Wegesa aje. Aje na ng'ombe wake awasimamishe hapa uani, aseme mbele ya watu anamtaka mtoto wa nini." Shangazi hakuja. Siku zote nilidhani haiwezekani kumkatalia, kumbe kilichohitajika ni mtu mzima mmoja kufunga khanga.

Ningependa niishie hapo. Lakini siku ya pili nilianza kutoka jasho. Bibi akadhani ni homa, akanichemshia mwarobaini. Haikuwa homa. Woga wote niliokuwa nimeumeza msimu mzima ulirudi kwa pamoja, na sasa sikuwa na cha kuumezea. Nyumba ya bibi ilikuwa na amani, na katika amani hiyo nilisikia kikohozi kila pembe. Siku ya nne, Nyamisi yuko shambani na bibi, nilitoka nikarudi Nyamuswa. Sikuitwa, sikukamatwa. Nilirudi kwa miguu yangu. Mugeta aliponiona akapiga makofi. "Bwana Afya karudi kazini mwenyewe!" Shangazi hakunipiga hata kofi. Alimimina kwenye kifuniko akaninyooshea, na mimi nikakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, nikapiga goti.

Baadaye zikaja zama za ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa mpaka barabarani, bia ikarudi, shangazi akafungua kioski Bunda na kuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Mimi nilikunywa miaka thelathini na zaidi. Ndoa ikaenda, watoto wakalelewa na watu. Sasa nina mwaka wa tatu sijagusa, naishi Bweri kwa Nyamisi, ambaye hajawahi kuonja hata tone. Wakati wote huo kilichonitafuna zaidi si fimbo. Ni kule kurudi. Nilijiambia: walikuonjesha wao, sawa, lakini nani alikurudisha? Nilijihukumu kama mtu mzima aliyeuza nafsi yake akiwa na akili timamu. Hata nesi wa zahanati aliponiuliza nilianza lini, nilimdanganya kwamba nilianza ukubwani, baada ya kuachika.

Mwezi uliopita mjukuu wa Nyamisi alitimiza miaka tisa. Nilikuwa namshonea sare ya shule, nikamwita nimpime. Akasimama, kichwa kinanifika kifuani, mabega yanaenea ndani ya viganja vyangu viwili. Meno ya mbele yalikuwa hayajamaliza kuota. Akanyanyua mikono akasema, "Bibi, usinitekenye." Nikaishika ile tepu nikashindwa kusoma namba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu mimi, mjukuu ndiye aliyekuja kuyachukua, kwa kusimama tu pale mbele yangu, mdogo kiasi kile, wakati mimi miaka yote nilidhani nilikuwa mkubwa.