Asteria wa Iluhalwa na Mioto ya Jumamosi

Alizaliwa mwaka 1981 katika kitongoji cha wakulima nje kidogo ya Ushirombo, akabatizwa kwa jina la Asteria. Baba yake, Herman, alilima mpunga na pamba; mama yake, Zipora, aliongoza sala za jumuiya. Asteria alipokuwa na miaka tisa, mdogo wake Valerian alishikwa na kuhara wakati wa kiangazi, akakauka mikononi mwa mama yake, akafa. Wazee walisema Mungu amemtwaa, na mtoto Asteria akaamini. Mwaka uliofuata, katika somo la sayansi, mwalimu aliandika ubaoni namna ya kuchanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi kwa ajili ya mtoto anayehara. Asteria alisoma ubao hadi mwisho, kisha akatoka bila ruhusa akaenda kulia nyuma ya vyoo. Jioni alimwambia mama yake maneno ambayo Zipora aliyarudia hadi uzeeni: "Mungu hakumtwaa, mama. Sisi tulimwachia, kwa sababu hatukujua." Hapo ndipo wito wake ulipoanzia.

Alihitimu ualimu Shinyanga mwaka 2003, akapangiwa shule ya msingi jirani na Tinde. Afya haikuwa na kipindi chake kwenye ratiba ya shule ile, naye hakudai kipindi. Aliitia ndani ya masomo yaliyokuwapo. Kwenye hesabu watoto walipima umbali kati ya choo na kisima, wakatambua wenyewe kwamba vimekaribiana mno. Kwenye imla aliwasomea habari za mapera yaliyooshwa kabla ya kuliwa. Kwenye kazi za mikono walitengeneza vibuyu chirizi, wakavitundika mlangoni mwa choo, na mtoto aliyepita bila kunawa alizomewa na wenzake kabla mwalimu hajamwona. Kila asubuhi, kabla ya kuita majina, alisali kwa sauti ndogo: "Bwana, nisimpoteze hata mmoja kwa kutojua kwangu." Sala hiyo ilikuja kumrudia kwa uchungu.

Januari 2013 alihamishiwa Iluhalwa, kijiji cha wachimbaji wadogo mbele ya Masumbwe. Huko mchanga wa dhahabu hukamatishwa kwa zebaki hadi donge lishikane, kisha donge huchomwa. Zebaki hutoka kama moshi wenye sumu inayotetemesha viungo, na dhahabu hubaki. Wachimbaji wa Iluhalwa hawakuchomea nje. Aliyeonekana akichoma alijulikana kuwa na dhahabu, na aliyejulikana alivamiwa. Kwa hiyo walichomea jikoni, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, tena mara nyingi kwa kikaango kilekile cha chakula. Watoto waliachwa humo humo ndani, wasije wakatoka na kusema.

Mwaka 2015, katika darasa la tatu, alikuwapo msichana aitwaye Blessing, binti wa mchimbaji Mayala na mkewe Violeth. Mikono ya mtoto huyo ilitetemeka hata penseli ikamponyoka. Asteria alihisi sababu, akatamani kuwa na hakika. Siku moja, wakisoma majina ya vyombo vya jikoni, alimuuliza mbele ya wote: "Blessing, kikaango cha kwenu jana kilipika nini?"

"Hakikupika, Mwalimu. Baba alichomea zebaki. Leo asubuhi mama akatukaangia mayai."

"Wee! Kumbe matajiri!" akapaza sauti mmoja, na darasa zima likacheka.

Kicheko kile kilifika vijiweni kabla ya jua kuzama. Jumapili, Mayala na mkewe wakiwa kwenye Misa, wezi walivunja mlango, wakachukua dhahabu, wakampiga mama yake Mayala aliyebaki nyumbani hadi wakamvunja mkono.

Jumatatu Mayala alisimama mlangoni mwa darasa. "Mwalimu, ulimtuma mwanangu anichunguze?"

"Hapana, Baba Blessing. Nilimuuliza swali la somo."

"Somo gani hilo linaingia jikoni kwangu? Kamuulize mama yangu, atakujibu kwa mkono uliobaki!" Akamshika binti yake, akaondoka naye. Tangu siku hiyo Blessing alikaa nyumbani, katika jiko lililozibwa kuliko mwanzo, na kila donge lililochomwa lilipita kwanza kifuani mwake.

Wazazi waliitisha kikao, wakataka mwalimu ahamishwe. Wenzake walimshauri aseme hakukusudia, na ingekuwa kweli. Asteria alisimama akasema: "Kosa ni langu. Nilitaka kumwokoa mtoto, nikamfanya dirisha la kuchungulia nyumba ya baba yake." Wengi walikuja wamejiandaa kupinga utetezi; waliposikia ungamo, wakamwacha abaki. Tangu hapo hakumuuliza mtoto yeyote habari za kwao mbele ya darasa, na walimu wapya aliwafundisha hilo kabla ya kuwaonyesha ofisi.

Alikwenda kwa Mayala, akapiga magoti mbele ya yule bibi mwenye mkono uliofungwa. "Shikamoo, mama. Sikuja kufundisha. Nimekuja kuomba radhi." Bibi akamwita mama kwa Kisukuma: "Marahaba, mayu. Inuka, sakafu ina vumbi." Mayala hakumsamehe. Asteria alirudi tena na tena, akichota maji na kumfulia bibi, na kila mara akimwomba baba jambo moja tu, amtoe mtoto kwenye moshi. Mwisho Mayala akafoka: "Nikichomea nje, kila jicho linaniona. Nikichomea ndani, unasema namuua mwanangu. Basi nichomee wapi, Mwalimu? Mbinguni?"

Asteria alikaa na swali hilo Kwaresima nzima ya mwaka 2016. Kwenye somo la jiografia aliwatuma wanafunzi wafunge kitambaa mtini, waangalie upepo wa mchana unaelekea wapi, na wao ndio waliotambua kwamba uwanda wa nyuma ya mwalo, pale mchanga unapooshewa, hupeleka moshi mbali na nyumba. Jumamosi iliyofuata Pasaka alibeba jiko la mkaa hadi uwandani, akawasha moto, akaweka juu yake karai lililofunikwa, akakaa upande unakotokea upepo.

Akina mama waliokuwa wakiosha mchanga walipasuka kwa kicheko. "Mwalimu, unachoma nini? Chaki?"

"Sichomi kitu, mama. Karai ni tupu."

"Sasa moto wa nini?"

"Lakini kama nisingekuambia, ungejuaje?"

Kicheko kikakatika. Ndipo alipowaeleza kwamba wote wakiwasha siku moja, mwenye dhahabu na asiye nayo, kila karai likiwa limefunikwa, mwizi atatazama mioto mingi na asijue wa kumfuata. Hakuwaficha kwamba moshi wa zebaki ni sumu hata nje. Aliwaonya wakae upande unakotokea upepo, wasitumie tena chombo cha chakula. Jumamosi ya pili walikuja wanawake wachache wasio na dhahabu yoyote, wakawasha mioto mitupu kwa ajili ya majirani zao. Wenye dhahabu wakaanza kujichanganya nao. Mwezi Julai alitokea Mayala, karai likiwa chini ya kanga ya mkewe, akakaa amewapa wote mgongo. Jumatatu yake Blessing alikuwa darasani.

Mikono ya mtoto ilitulia polepole, na kabla ya mwaka kwisha aliandika ukurasa mzima wa insha bila penseli kuanguka. Wapo wanaouita muujiza. Tabibu wa zahanati anasema ni hewa safi. Sisi hatuoni sababu ya kuwagombanisha, kwa kuwa hewa nayo ni ya Mungu.

Asteria alikaa uwandani kila Jumamosi, hata figo zake zilipoanza kudhoofu. Alifariki Agosti 2022, akazikwa Iluhalwa kwa matakwa yake. Maneno yake ya mwisho kwa Violeth aliyekuwa akimuuguza yalikuwa: "Msiache walio na dhahabu wawashe peke yao." Kanisa halijatamka lolote juu yake, nasi hatulitangulii, tunasimulia tuliyoyaona ili tuonyane kwa upendo.

Shimo la Mayala lilijaa maji msimu wa mvua uliofuata, naye sasa analima mahindi. Hana donge la kuchoma. Hata hivyo, Jumamosi mchana, yule aliyekuwa akiziba dirisha kwa gunia hubeba jiko lake hadi uwandani, huwasha moto chini ya karai tupu, na kukaa hapo hadi wa mwisho amalize, ili mtoto wa nyumba nyingine asifungiwe ndani. Anayetaka kumfuata Asteria na akamfanyie jirani yake vivyo hivyo.