Gurudumu la Saba

Nilipanga chumba cha uani kwa fundi mmoja wa reli, mwaka ule alipostaafu. Miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu ya treni kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mfupi, uliokufa, kama sufuria iliyojaa maji. Nyumba yao ilipakana na karakana, kwa hiyo mkewe naye aliijua milio hiyo, maana alifua nguo akiisikia miaka yote.

Kiinua mgongo chote alikitia kwenye mabehewa manne makuukuu ya mizigo, ya mnadani. Akaandika ukutani kwa rangi: MABEHEWA YANAUZWA, YAMETUMIKA ILA MAZIMA. Mtaa ukacheka mpaka basi.

"Fundi, nikinunua moja utanifungia kwenye baiskeli?" kinyozi jirani alimtania.

"Wewe lete baiskeli, kamba ninayo."

Mimi aliniambia, "Mzee mwenzangu, chuma kikuukuu hakina cheti. Mtu ananunua neno langu. Neno langu likianguka, sina biashara."

Mwezi wa tano akaja mwenye kinu cha unga, ambaye reli ilifika hadi ghalani kwake. Alitaka behewa la kubebea magunia. Fundi akavaa kofia yake ya kazini, akalizunguka behewa akigonga, sikio ameliinamisha. Mimi na mkewe tulisimama kando. Alipogonga gurudumu la saba, mama aligeuka ghafla. Mimi, nisiyejua kitu, nilisikia nyundo tu.

"Mazima yote manane!" fundi akasema. "Naweka shingo yangu."

Mama akafungua mdomo, akaufunga.

Wiki ya pili, behewa limejaa magunia, gurudumu la saba likapasuka. Behewa likamlalia kuli mmoja, na hospitalini wakamkata mguu. Fundi alikwenda kumtazama. Yule kijana hakumtukana. Alisema tu, "Mzee, si ulisema mazima?"

Aliporudi, mkewe alikuwa amekaa kizingitini.

"Baba watoto, mimi nilisikia. Lilikuwa limekufa."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona ukaninyamazia?"

"Ningekukosoaje mbele ya mteja? Wangesema fundi masikio yamekwisha, anasikiliziwa na mkewe. Nikaona nikusitiri."

"Umejua tangu lini?"

"Mwaka juzi. Birika linapiga mluzi, wewe unaniuliza kama maji bado."

Fundi akakaa chini, viganja magotini. Mimi nilikuwa uani, nayasikia yote.

"Mguu wa mtu, mke wangu," akasema. "Umenisitiri kwa mguu wa mtu."

Mabehewa matatu yaliyobaki hakuyagonga. Aliita wakata vyuma, wakayakata kwa moto vipande vipande mchana kutwa, naye amesimama pale pale juani. Kilichopatikana kilikwenda kwa yule kuli, na hakikutosha, kwani mguu haununuliwi.

Nilikaa nao miezi mingine miwili. Mama sasa alimwita kwa sauti kubwa, mtaa mzima unasikia, maana hapakuwa tena na cha kusitiri. Fundi aliitika kila mara, kwa adabu, kama mgeni. Ila usoni hakumtazama, na mpaka ninafunga mzigo wangu sikumwona akimtazama.