Bi Risiti na Mtani Wake wa Sikonge

Pale chuoni Tabora wahadhiri walimwita Bi Risiti, na wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Jina lake ni Levina Ngollo, mtoto wa Wanyamwezi wakulima wa tumbaku wa Sikonge, Wamoraviani wa kukaa benchi la mbele. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hela ya mfadhili inayoingia chuoni kwa ajili ya utafiti inafanya kile kilichoandikwa kwenye andiko la mradi, siyo kuozesha shemeji ya mtu. Ukichukua masurufu ya safari, ukirudi unayarejesha kwa risiti. Huna risiti, husafiri tena. Walikuwepo maprofesa wazima na mvi zao ambao wakimwona anakuja koridoni wanageuza njia, wanajifanya wamesahau miwani ofisini.

Wacheke watakavyo, lakini kabla yake wafadhili walikuwa wakikikimbia chuo kile. Yeye ndiye aliyekaa na miongozo yao, ile mirefu ya kuchosha ambayo wasomi waliisaini bila kuifungua, akaisoma yote. Andiko likienda na bajeti isiyojumlika, analirudisha. Barua ya kijiji ikikosekana, anaifuata mwenyewe. Na mfadhili aliposema kwamba chuo kisicho na sera ya kupambana na ubadhirifu kisiombe kitu, Levina ndiye aliyeiandika hiyo sera, mwanzo hadi mwisho.

Humo ndani kulikuwa na sharti moja alilojivunia kuliko mengine yote. Mtu akitajwa kwa wizi mbele ya mkaguzi, awe nani, anasimamishwa kazi siku hiyohiyo mpaka uchunguzi uishe. Alilifundisha kwenye semina, akasimama mbele ya watu wazima na kusema, hata ningekuwa mimi. Wakampigia makofi. Jamani, makofi yale!

Na miaka yote hiyo alikuwa mtu wa mkataba. Kila Juni ikikaribia hapati usingizi, kwa sababu mradi ukiisha na yeye ameisha. Safari hii mkuu wa utafiti alimwahidi kwa kinywa chake kwamba mradi wa nyuki ukipata awamu ya pili, Levina anaingia kwenye ajira ya kudumu. Basi akaushika ule mradi kama mtu aliyeshika kamba ya kisimani. Alikuwa haombi makubwa. Alitaka Juni moja tu alale kama watu wengine.

Mtafiti mkuu wa mradi wenyewe alikuwa Dokta Kornel, mtu wa Nzega, mcheshi, wa kusalimia hadi wafagizi kwa majina. Mradi ulikuwa unalinganisha mizinga ya mbao ya kisasa na ile ya magome ya wazee, kwenye vijiji vya ndani huko Sikonge. Mizinga ilinunuliwa, ikapakiwa kwenye gari la chuo, ikaenda. Ila gari lile liliwahi kupitia Lusu, kwao Nzega, kwa kaka yake Kornel, ambako hakuna kijiji cha mradi, na liliporudi mizinga iliyofika Sikonge ilikuwa pungufu. Levina alimuuliza. Kornel akacheka, akasema ipo kwa fundi. Akamwandikia, akajibiwa italetwa kesho. Akajiambia ukaguzi ukifika ataliweka jambo hilo mezani kwa utaratibu wake, bila kumvizia mtu. Utaratibu, utaratibu! Ndio ugonjwa aliokuwa nao.

Mkaguzi akaja, mama mmoja mpole kutoka Nairobi, Kiswahili chake kizuri tu. Wakaenda naye kijijini Kornel na Levina. Warina asali walikuwa wamekusanyika kwenye banda la kikundi, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Awadhi.

Sasa Awadhi ni Mzaramo. Babu yake alipanda na misafara kutoka pwani, akafika Unyanyembe, akaoa, akasahau kurudi. Na kila mtu wa huku anajua Mzaramo na Mnyamwezi ni nani kwa nani. Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu hadi pwani wakikatiza Uzaramo, huko wakagombana, wakapatana, wakaishia kuwa watani. Mtani akikuita mbwa, unamuuliza mfupa uko wapi. Akikuita mwizi unakubali, tena unaongeza. Kukataa ni aibu, ni kumwambia mbele za watu kwamba yeye si mtu wako. Baba yake Levina alipofariki, Awadhi huyuhuyu alilizuia jeneza mlangoni, akasema marehemu ana deni la pombe na hatoki mpaka apewe kuku. Mama yake Levina, aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu alfajiri, alicheka mpaka akakaa chini. Levina hakuwahi kusahau. Alimpenda mzee yule kuliko baba zake wadogo wote.

Mkaguzi akauliza wanakikundi kama vifaa vya mradi viliwafikia. Awadhi akasimama, akamnyooshea Levina fimbo.

"Mgeni, mwizi wetu si huyu hapa umekuja naye? Mizinga kauza, asali kanywa, na buti tulizoletewa kamvalisha hawara yake. Babu yake alibebeshwa kaniki za babu yangu kutoka pwani, mpaka leo hazijafika!"

Banda zima likamgeukia Levina kusubiri jibu. Naye, mtoto wa kwao, angefanya nini?

"Nimeiba," akasema, "na mwaka ujao naiba tena. Nenda kanishtaki kwenu Uzaramo, kama njia unaikumbuka."

Watu wakaangua kicheko, mpaka wengine wakapigana mabega. Ndipo akamwinamia mzee, shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, wakashikana mikono muda mrefu. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa anaandika.

Mchana wakaenda porini kuhesabu mizinga. Ikapungua, kama Levina alivyojua itapungua. Kwenye gari wakati wa kurudi, mkaguzi akamuuliza taratibu kama yule mzee ndiye mwenyekiti anayepokea vifaa. Levina akasema ndiye, na kwamba yale maneno yalikuwa utani. Yule mama akamtazama. Akauliza kama kwao wizi wa mali ya mradi ni kitu cha kutaniana. Levina akaanza kueleza habari za misafara na Uzaramo na baba yake na kuku, akajisikia mwenyewe jinsi anavyoonekana mjinga. Kisha akasema la pili, ambalo alipaswa kulisema la kwanza. Mizinga iliyopungua, gari liliipitisha Lusu, na Dokta Kornel anajua. Kornel alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hakugeuka. Aliendelea kutazama nje kama mtu anayehesabu miti, na mkaguzi akafunga daftari lake. Mtu aliyetajwa kwa wizi asubuhi, jioni anamtaja mwenzake. Hata wewe ungefunga.

Kesho yake Levina alisimamishwa kazi. Barua ilinukuu sharti lake neno kwa neno.

Hakuogopa sana, na hilo ndilo linaloumiza. Alijiambia kamati ya uchunguzi ni Watanzania watupu, hakuna asiye na watani. Mwenyekiti wake alikuwa na rafiki wa Kigogo, kila mchana wanatukanana kantini wakila sahani moja. Watu hawa atawaeleza nini waache kuelewa?

Na walielewa. Walielewa vizuri kabisa, tena tangu dakika ya kwanza. Lakini wakimwambia mfadhili kwamba ulikuwa utani, mfadhili atauliza mizinga basi kachukua nani. Jina la Kornel lilikuwa limekaa juu ya andiko la awamu ya pili. Jina la Levina halikuwa juu ya kitu chochote, maana yeye kazi yake ilikuwa kuandika ya wenzake. Walipomuuliza Kornel, alijibu kwa huzuni nzuri ya mtu wa kanisani.

"Utani naujua tangu nanyonya. Lakini mizinga imepungua kweli, na dada yetu amekiri kwa kinywa chake. Utani gani huo?"

Wakatikisa vichwa. Mwenye rafiki wa Kigogo naye akatikisa.

Levina akapanda basi la Sikonge, akateremka, akachukua pikipiki hadi kwa Awadhi. Alimkuta anachana magome ya mzinga. Mzee alipoyasikia alikaa chini palepale kwenye vumbi, akashika kichwa. Akaapa atakuja. Na alikuja kweli, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na bintiye Maua akimshika mkono kwenye ngazi. Levina alipomwona anaingia kwenye kile chumba cha mikutano machozi yalimtoka, akaona mambo yameisha.

Hawakumuuliza habari za utani. Walimuuliza swali moja, kwa heshima zote.

"Mzee wetu, unataka tuandike kwamba ulimdanganya mkaguzi?"

Awadhi akasema hapana, yeye si mwongo. Basi wakamweleza polepole, kama mtoto, kwamba kikundi kinachomdanganya mkaguzi kinatolewa kwenye mradi, na awamu ya pili mizinga yake inapelekwa kijiji kingine. Kama hakudanganya, basi alilosema ni kweli. Achague tu, hakuna anayemlazimisha. Mzee akaomba maji. Akanywa, akarudisha glasi mezani, akaishika tena ingawa ilikuwa tupu. Nyumbani kwao walikuwa wanamsubiri wanakikundi wote, wengine walishauza ng'ombe wakitegemea asali. Levina alikuwa amekaa ng'ambo ya meza ileile. Mzee hakumtazama.

"Niliyoyasema niliyasema," akajibu. Akaletewa wino, akaweka dole gumba.

Awamu ya pili ikapita. Ilipita kwa sifa! Mfadhili aliandika kwamba amevutiwa na jinsi chuo kinavyochukua hatua bila kumwonea mtu haya, na akaomba ile sera itumike kuwa mfano kwa vyuo vingine. Kornel alichinja mbuzi. Ile ajira ya kudumu alipewa kijana mmoja mpole asiyependa kuuliza risiti.

Levina alirudi Sikonge kwa mama yake. Akafungua kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua karibu na stendi, kwa sababu ndicho alichokijua. Jina la Bi Risiti lilikufa lenyewe. Huku walimpa lingine, Mwizi wa Mizinga, na walilisema wakicheka huku wakihesabu chenji yao mara mbili. Hapo ndipo alipopata tabu ya ajabu. Alikuwa hajui tena nani anamtania na nani anamtukana. Akianza kucheka, anaona mwenzake hacheki. Akinuna, anaambiwa amekuwa mwanamke wa roho mbaya. Mwishoni akaacha yote mawili, akawa anapokea karatasi, anatoa kopi, anasema asante. Mama yake alimsihi amsamehe Awadhi, kwamba mzee naye alibanwa. Levina alimjibu kwamba anajua alibanwa, na kwamba kujua hakumsaidii kitu. Awadhi mwenyewe hakuwahi kupita karibu na kibanda kile, akija stendi alizungukia nyuma ya soko.

Masika yalipoanza mzee akafariki. Maua akamtuma mtu wa pikipiki kwa Levina. Ujumbe wake ulikuwa kwamba watani wamebaki wachache, vijana hawaijui tena kazi hiyo, na Mzaramo hatolewi ndani kama hayuko Mnyamwezi wa kumsumbua. Marehemu mwenyewe alikuwa amesema aitwe Levina. Kwa nini alisema hivyo, kwa mapenzi au kwa aibu, hakuna aliyejua.

Akaenda. Alikuta ua umejaa, warina asali wote wapo, na karibu na choo imepangwa ile mizinga mipya ya awamu ya pili, rangi haijakauka. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wanalia kwa sauti ya chini. Jeneza lilipoinuliwa kupelekwa makaburini, Levina alitoka mkekani, akaenda akasimama katikati ya mlango wa ua na kutanua mikono. Watu walipomwona wakaanza kutabasamu katikati ya machozi, maana hicho ndicho walichokuwa wanakingoja.

"Hatoki," akasema. "Huyu mzee ni mwizi. Aliiba kazi yangu, akaiba jina langu, akakaa mbele yangu akaweka dole gumba. Hatoki hapa mpaka aseme ukweli."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Wabeba jeneza walicheka mpaka ikabidi walishushe kidogo begani. Mzee mmoja wa kikundi alifuta macho, akasema tangu azaliwe hajaona mtani kama huyu. Maua alikuja analia na kucheka, akamkumbatia, akampa kuku aliyefungwa miguu ili aachie njia.

Levina alimshika yule kuku. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo.

"Sitanii," akawaambia.

Wakacheka zaidi. Wakamsogeza pembeni kwa upole, jeneza likapita.