Baiskeli ya ‘kubebea ndizi’ yamfikisha Anastasia kwa Mama Gulshan

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, nyuzi joto kumi na nane chini ya sifuri, Anastasia Mushi anatoka kwenye lifti ya jengo lao la ghorofa katika mtaa wa St. James Town, ughaibuni, akisukuma baiskeli ya kijani. Anabinya breki ya mbele, kisha ya nyuma. Zinashika. Anatabasamu peke yake, anapanda.

“Siondoki bila kuzibinya,” anasema. “Zilishanitoa machozi.”

Anastasia (41), mzaliwa wa Marangu, ni mhudumu wa wazee majumbani. Wa kwanza kila siku ni Mama Gulshan, bibi wa miaka 82 mzaliwa wa Tanga, anayeishi peke yake kilomita tisa kutoka hapo. Bila Anastasia hainuki kitandani, wala hapati uji na dawa yake ya kisukari.

Mwaka juzi, baada ya kuchoshwa na mabasi, Anastasia alinunua baiskeli ya mbio, nyepesi kama kikapu kitupu. Akaitunza kama walivyotunza baiskeli kwao: kila jioni maji ya moto na sabuni, hadi ing’ae. Kumbe akiitoa nje asubuhi, maji yaliyojificha kwenye waya za breki yanaganda.

Siku ya nne alishindwa kusimama, akaishia kwenye lundo la theluji, fremu ikapata ufa. Alifika kazini amechelewa saa nzima. Kampuni iliyomwajiri ikamwandikia onyo: akichelewa tena, Mama Gulshan atapewa mhudumu mwingine.

“Niliona aibu sana. Nilimkuta amelala vilevile, ananisubiri.”

Aliyemfungua macho ni fundi baiskeli, Zameer. Alimwonyesha baiskeli ya chuma iliyokwishatumika, yenye nafasi ya tairi pana za misumari ya kushika barafu, madigadi ya kuzuia tope la chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na matundu ya kufungia keria ya mizigo. “Dada, maji ya moto basi,” alimwambia. “Futa kwa kitambaa kikavu, tia oili, inatosha.”

Mumewe, Thobias, alicheka hadi akakaa chini. “Mama Clara, umevuka bahari kuja kununua baiskeli ya kubebea ndizi?”

Jibu lilikuja Desemba 2013, mvua ilipoganda na jiji likaamka limefunikwa barafu tupu. Umeme ulikatika, mabasi yakakwama. Thobias alimsihi abaki. Anastasia alishuka ngazi za ghorofa kumi na moja, baiskeli begani, akaondoka polepole, misumari iking’ata barafu.

Saa moja kamili alikuwa mlangoni.

“Nilishakata tamaa, nikasema leo haji mtu,” anasimulia Mama Gulshan. “Mara nasikia, ‘Shikamoo, Mama.’ Nililia, mwanangu, sikuona haya.”

Kati ya wahudumu kumi na wanne wa zamu hiyo, aliyefika kwa wakati ni yeye peke yake. Onyo likaondolewa kwenye faili lake.

Sasa anajiandaa kwa safari ya Julai: siku tatu kandokando ya ziwa hadi maporomoko ya maji ya Niagara, mifuko miwili kwenye keria. Mama Gulshan ametoa ruhusa, kwa sharti aletewe picha ya maporomoko.

“Tena siendi peke yangu,” Anastasia anasema, akielekeza kidevu sebuleni.

Huko Thobias ameinama, hamtazami mwandishi usoni. Anafuta baiskeli yake mpya, ya chuma, kwa kitambaa kikavu.